Je, Wajua? Wewe ni Mwana wa Nani: Nasaba na Ngao ya Ukoo

Mgeni akibisha hodi katika miji yetu mingi, kabla hajaulizwa kazi yake huulizwa: "Wewe mwana wa nani?" Swali hilo lina majibu mawili. La kwanza husemwa kwa mdomo, jina baada ya jina, nalo ni nasaba. La pili huonyeshwa kwa macho: rangi, mnyama, mti au chombo kinachosimama badala ya ukoo mzima, nalo ni ngao au nembo. Leo tunayafuata yote mawili. Ngao isiyo na nasaba nyuma yake ni pambo tu, na nasaba isiyo na alama husahaulika upesi.

HESABU YA DAMU

Je, wajua kwamba Kiswahili huhesabu vizazi kwa kushuka? Baada ya mtoto huja mjukuu, kisha kitukuu, kisha kilembwe, kisha kilembwekeza, na kila kizazi kina neno lake. Kupanda juu hatuna utajiri huo. Tukishawapita babu na bibi tunaanza kuunganisha: baba wa babu, mama yake bibi mzaa mama. Lugha imemweka mzee kileleni mwa mti akiwatazama wanaokuja. Anayeitafuta nasaba yake hana budi kuukwea mti huo tawi kwa tawi.

Je, wajua una wahenga wangapi? Wazazi 2, babu na bibi 4, wazazi wao 8, na idadi inajirudufu kila hatua. Ukirudi vizazi 10 nafasi ni 1,024. Vizazi 20 ni 1,048,576. Katika vizazi 30 nafasi zinapita bilioni moja, ilhali enzi hizo dunia nzima haikuwa na hata nusu ya watu hao. Hesabu haijakosea. Ni kwamba mtu mmoja huonekana katika nafasi nyingi za mti uleule, kwa kuwa ndugu wa mbali waliendelea kuoana bila kujua kuwa ni ndugu. Watu wawili wanaokutana kwenye daladala huenda wana bibi mmoja ambaye hakuna kati yao anayemjua.

Je, wajua ipo namna ya kumpa kila mhenga namba isiyogongana na ya mwingine? Michaël Eytzinger aliichapisha mwaka 1590 mjini Cologne, na watafiti wa nasaba wanaitumia hadi leo. Wewe ni 1. Baba ni 2, mama ni 3. Babu mzaa baba ni 4, bibi mzaa baba ni 5, babu mzaa mama ni 6, bibi mzaa mama ni 7. Ukitaka baba wa yeyote, zidisha namba yake kwa mbili. Ukitaka mama, ongeza moja. Basi mama wa babu mzaa mama ni 13, leo na milele. Chukua daftari, andika namba 1 hadi 31, ujaze unaowajua. Mapengo yatakuonyesha pa kuanzia kuuliza.

Je, wajua kwamba ndege amejificha ndani ya neno la Kiingereza la nasaba? Neno hilo lilitoka Kifaransa cha kale, na maana yake ni mguu wa korongo. Waandishi wa zama hizo walichora mistari mitatu ikichanuka kutoka kwa mzazi kwenda kwa watoto, na umbo lake likawa kama unyayo wa ndege huyo matopeni.

Je, wajua kwamba kipimo cha DNA kinaweza kukueleza habari za wahenga wawili tu na kuwanyamazia wengine 30? Ipo DNA inayopita kwa mama peke yake: humfikia kila mtoto, lakini ni binti tu anayeirithisha. Ipo nyingine inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kizazi cha tano nyuma yako kina wahenga 32, na njia hizo mbili hugusa mmoja upande huu na mmoja upande ule. DNA nyingine hupimwa pia, lakini huchanganywa upya kila kizazi. Majina ya wale 30 yamo vichwani mwa wazee, si kwenye mate ya kipimo.

MAJINA YANAYOSEMA

Je, wajua jina moja linaweza kukufichulia ndugu wawili usiowajua? Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Kwa Waluo anayefuata pacha ni Okelo au Akelo. Kwa Baganda ni Kizza. Ukilikuta jina Shija katika daftari la ukoo na hakuna pacha waliotajwa kabla yake, uliza kwa upole. Mara nyingi utakuwa umegusa watoto waliofariki wachanga, ambao nyumba iliacha kuwataja kwa sababu ya uchungu. Nao ni wa ukoo.

Je, wajua kwamba Wakikuyu huweka mti wa ukoo ndani ya majina ya watoto? Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza huchukua la bibi mzaa baba, wa pili la bibi mzaa mama. Ukiwajua watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, umewajua babu na bibi zao wote wanne bila kufungua kitabu.

Je, wajua kwamba watoto wa Kisomali walifundishwa kukariri majina ya baba, babu na waliotangulia, wengine wakifika vizazi kumi na zaidi? Mapokeo hayo huitwa abtirsi. Wageni wawili wakikutana, kila mmoja aliisoma yake hadi majina yakutane, na jina la kukutania ndilo lililoamua udugu wao ni wa karibu kiasi gani.

Je, wajua kwamba kwa Wanandi jina la rika ni kalenda? Marika yao ni saba: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyigei na Nyongi. Kila moja huchukua takriban miaka 15, kisha mzunguko huanza tena. Ukiambiwa babu alikuwa Nyongi, swali linalofuata ni: Nyongi wa lini? Mzunguko mzima hupita kidogo karne moja, na asiyeuliza anaweza kumfanya babu azaliwe miaka mia kabla ya wakati wake.

Mtego huo uko Burundi pia, katika nasaba ya wafalme. Majina ya enzi yalizunguka manne: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Anayesikia "wakati wa Mwezi" lazima aulize ni Mwezi yupi.

Je, wajua kwamba Waluba wa Kongo waliandika nasaba kwa shanga? Walikuwa na ubao wa mkononi uitwao lukasa, uliopigiliwa shanga na simbi na kuchorwa mistari. Wajuzi wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono mmoja na kuupapasa kwa kidole cha mkono wa pili, wakisimulia wafalme, koo na safari za kuhama. Ushanga mkubwa uliweza kuwa mfalme na shanga ndogo kumzunguka zikawa watu wake. Hiyo ni maktaba inayoenea kiganjani.

Je, wajua kwamba ukoo unaweza kuunganisha watu ambao siasa iliwatenga? Nchini Rwanda koo kubwa kama Abanyiginya, Abega, Abasinga na Abazigaba zina Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Swali "wewe ni wa ukoo gani?" lilikuwa na jibu moja kwa watu ambao baadaye karatasi ya kitambulisho ya kikoloni iliwaandika mbalimbali.

KARATASI, MAKABURI NA MIFUPA

Je, wajua daftari za kanisa zina umri gani? Nchini Uingereza parokia ziliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Kanisa Katoliki liliagiza daftari za ndoa na ubatizo kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Mazoea hayo yalifika kwetu na wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga Bagamoyo mwaka 1868 na kufungua kijiji cha waliokombolewa utumwani, na Freretown ikafuata Mombasa katika miaka ya 1870. Kwa familia nyingi, mstari mmoja katika daftari la ubatizo ndio mahali pa kwanza ambapo jina la mhenga wao liliwekwa wino.

Je, wajua kwamba nchini Marekani sensa za mwaka 1850 na 1860 ziliwahesabu watumwa bila kuwataja majina? Waliandikwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki. Ni sensa ya mwaka 1870 iliyowataja kwa majina watu waliokuwa wamewekwa huru. Watafiti wa nasaba za Wamarekani weusi huuita mwaka huo ukuta: mbele yake kuna majina, nyuma yake kuna tarakimu. Kuuvuka hulazimu kusoma wosia, hati za mauzo na hesabu za mashamba, mahali ambapo mtu ametajwa kama mali.

Tunayo methali isemayo mwacha asili ni mtumwa. Ukikaa na nyaraka za utumwa, iwe za Zanzibar au za Marekani, utaisikia kwa sikio jingine. Watu wale hawakuiacha asili, walinyang'anywa. Kila jina linalopatikana tena ni kitu kilichorudishwa kwa mwenyewe, na mjukuu anayelitafuta anafanya kazi ya haki.

Je, wajua kwamba mifupa ya pwani yetu imetoa ushahidi kuhusu nasaba za Kishirazi? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa DNA ya watu 80 walioishi kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji kama Manda, Mtwapa, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Kwa wengi wao, kiasi kikubwa cha asili yao, mara nyingi zaidi ya nusu, kilitoka kwa wahenga wa Kiafrika ambao karibu wote walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, hasa kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza mnamo mwaka 1000. Basi mapokeo ya Kilwa kuhusu waliotoka Shirazi yalikuwa na kiini cha kweli. Lakini tazama nani aliyekosekana. Silsila za fulani bin fulani zilitunza majina ya kina baba karne baada ya karne. Kina mama wa Kiafrika waliobeba nusu ya damu hiyo, na waliowafundisha watoto lugha tunayoisoma hapa, hawakuandikwa. Unapoanza mti wako, anza na namba 3.

Je, wajua ukoo wenye mti mrefu ulioandikwa kuliko karibu mingine yote? Ni wa Confucius, mwanafalsafa wa Uchina. Toleo la mwaka 2009 lina majina zaidi ya milioni 2 na vizazi zaidi ya 80, na ndilo la kwanza kuwaingiza mabinti. Hata huko ilichukua zaidi ya miaka 2,000 kukumbuka kwamba binti naye ni mtoto.

Je, wajua namna ya kumsaidia mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa? Usimuulize mwaka. Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani lilipotokea jambo fulani: nzige, njaa iliyopewa jina kijijini, kupandishwa kwa bendera ya uhuru Tanganyika mwaka 1961 au Kenya mwaka 1963. Kwa masimulizi ya zamani zaidi yapo Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 na kimbunga kilichong'oa mikarafuu ya Unguja mwaka 1872. "Nilikuwa nachunga mbuzi" maana yake alikuwa mtoto wa miaka saba au minane. "Nilikuwa na mimba ya kwanza" ni jibu bora kuliko cheti.

NGAO ZILIZOTANGULIA

Je, wajua kwamba Wamasai walikuwa na elimu yao ya nembo? Ngao za moran zilishonwa kwa ngozi ya nyati na kupakwa rangi nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijivu. Michoro yake, iitwayo sirata, ilieleza mwenyewe ni wa eneo gani na rika gani, na ilikuwepo alama ya ushujaa ambayo haikuwekwa ila kwa idhini. Ng'ombe nao walipigwa chapa na kukatwa masikio kwa alama za ukoo. Aliyejua kusoma alimtambua mtu kabla hajasikia sauti yake.

Ulaya ilifika hapo kwa njia yake katika karne ya 12. Ushahidi mmoja mashuhuri ni bamba la kaburi la Geoffrey wa Anjou, lililotengenezwa baada ya kifo chake mwaka 1151, linalomwonyesha na ngao ya buluu yenye simba wa dhahabu. Mjukuu wake William Longespée, aliyefariki mwaka 1226 na kuzikwa Salisbury, amechongwa na simba walewale. Hapo ndipo wanahistoria wanapoiona ngao ikiacha kuwa ya mtu mmoja na kuanza kurithiwa.

Je, wajua kwamba kwa desturi ya Uingereza hakuna ngao ya jina la ukoo? Hutolewa kwa mtu, kisha huwashukia wazao wake. Wapo wauzaji wanaokuchapishia "ngao ya jina lako" kwa sababu tu mtu mwingine mwenye jina hilo aliwahi kuwa nayo. Hiyo ni ngao ya jirani. Wapiga mbiu wa mfalme, waliopewa chuo chao London mwaka 1484, husimamia kazi hiyo hadi leo, na nchini Scotland, ambako daftari la ngao lilianza mwaka 1672, kutumia ngao bila idhini ni kosa la kisheria. Poland ilikwenda njia nyingine kabisa: familia nyingi zisizo na damu moja zilishiriki ngao moja.

Je, wajua kwamba Afrika pia ina ofisi za nembo? Ya Afrika Kusini ilianza mwaka 1963 na husajili hata ngao za watu binafsi. Kenya ilipitisha sheria yake ya kuanzisha taasisi ya nembo mwaka 1968. Na karne nne na nusu kabla ya hapo, mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo tayari alikuwa na ngao yenye mikono mitano iliyoshika panga.

Je, wajua kwamba baba yake Shakespeare alipewa ngao mwaka 1596, na juu yake pana mkuki? Nusu ya pili ya jina lao ni mkuki kwa Kiingereza. Ngao za namna hiyo zinataja jina kwa picha, nazo ni nyingi: León ya Uhispania ina simba, Castilla ina ngome, Berlin ina dubu. Jaribu kwa majina yetu. Ukoo wa Simba umeshamaliza kazi. Ukoo wa Nyundo, Mkuki au Karafuu pia.

Je, wajua kwamba ngao nzuri zinafuata kanuni moja ya rangi? Dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, huitwa madini. Nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau ni rangi. Kanuni yasema usiweke madini juu ya madini wala rangi juu ya rangi, ili mchoro usomeke kwa mbali. Tazama bendera ya Kenya: mistari mipana ya nyeusi, nyekundu na kijani haigusani, mistari myeupe inaitenganisha. Tazama ya Tanzania: njano imekaa kati ya nyeusi na kijani upande mmoja, kati ya nyeusi na buluu upande wa pili. Kwenye ngao ya Kenya jogoo mweupe mwenye shoka amesimama juu ya wekundu. Macho yako yalikuwa yakiifurahia kanuni hii kabla hujaijua.

Je, wajua kwamba kulia kwa ngao ni kushoto kwako? Pande huhesabiwa kwa mtu aliyeishika, si anayeitazama. Lugha ya ngao inamtanguliza mbebaji.

Je, wajua kwamba rangi zinaweza kuchongwa kwenye jiwe au sarafu isiyo na rangi? Mwaka 1638 Mjesuiti Silvester Petra Sancta aliueneza mfumo huu kwa kitabu: vitone ni dhahabu, mistari ya wima ni nyekundu, ya kulala ni buluu, na uso mtupu ni fedha. Fundi wa kuchonga milango anaweza kuutumia leo.

Je, wajua kwamba mnyama wa ukoo si lazima awe mkali? Koo za Buganda zinazidi 40, na kila moja ina muziro wake, kiumbe au mmea ambao wana ukoo huulinda: hawaudhuru wala hawaufanyi kitoweo. Wapo wa simba na chui, lakini wapo pia wa tumbili, wa kambare mamba, wa senene na wa uyoga. Wahaya nao wana miziro. Simba wa Ulaya alichaguliwa ili kutisha. Muziro hudai kuheshimiwa na kulindwa na mwenye nao. Baganda walitoa nyumbani hata majina ya ngazi za ukoo: kasolya ni kilele cha paa, na ssiga ni figa la jikoni. Na Kabaka, tofauti na raia wake, hufuata ukoo wa mama yake, kwa hiyo kiti cha enzi hakikuwa mali ya ukoo mmoja.

Je, wajua kwamba nchini Japani familia nyingi za kawaida zina nembo? Huitwa mon, nayo huwa ya rangi moja, mara nyingi ndani ya duara: jani, ua, mbawa za ndege. Ya Mfalme wa Japani ni ua la krisanthemumu lenye petali 16.

Je, wajua kwamba alama ya ukoo inaweza kusikika? Siwa ya Pate, pembe kubwa ya ndovu iliyochongwa, inapita mita 2 kwa urefu, na Lamu ina yake ya shaba. Zilipulizwa katika harusi na sherehe za nyumba za heshima, na mji mzima ulijua ni nani anayeoa bila kuona mtu. Kwa Wagiriama alama ni mti: kigango kilichochongwa na kusimamishwa kwa heshima ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na baadhi ya makumbusho ya Marekani yamevirudisha Kenya. Aliyeking'oa kigango alibeba ubao, ukoo ukapoteza mtu.

Je, wajua kwamba mama yako huenda amekuwa akijifunga ngao miaka yote hii? Itazame kanga. Ina pindo, kama ukingo wa ngao. Ina mji, uwanja wa katikati wenye picha kuu. Ina jina, maneno yaliyoandikwa chini, kama kaulimbiu chini ya ngao. "Uhuru na Umoja" kwenye nembo ya Tanzania ya bibi na bwana na "Harambee" chini ya simba wawili wa Kenya yamekaa pale pale ambapo fundi wa kanga angeyaweka. Nchini Afrika Kusini nembo ya mwaka 2000 ina kaulimbiu kwa lugha ya Wa|xam, ambayo haina tena mzungumzaji. Maneno machache yameendelea kuishi kwa sababu yaliwekwa chini ya ngao.

CHORA YAKO

Anza na watu, si na picha. Mwaka 2011 familia ya Middleton ya Uingereza ilipopewa ngao, haikuweka majoka. Iliweka matunda matatu ya mwaloni kwa sababu watoto ni watatu na mialoni ni mingi wanakoishi, na mstari wa dhahabu kwa sababu ukoo wa mama ulikuwa Goldsmith, yaani sonara. Kila kitu kina mtu nyuma yake.

Basi rudi kwenye daftari la namba 1 hadi 31 na utafute mambo matatu yanayojirudia: kazi, mahali, na kitu ambacho ukoo haukili au haukiuzi. Chukulia bibi mzaa mama alikuwa mfinyanzi, na babu mzaa baba alikuwa mvuvi. Ngao yao ni hii: uwanja wa buluu, katikati chungu cha dhahabu, kila upande samaki mmoja wa fedha. Madini juu ya rangi, kanuni imetimia. Mfinyanzi amewekwa katikati kwa sababu chungu ndicho kilichompika samaki.

Umeona kwamba hukuhitaji picha? Ndivyo ngao zinavyotunzwa. Kinachosajiliwa ni maelezo ya maneno, na kila mchoraji huyachora kwa mkono wake. Kwa hiyo andika sentensi yako kabla ya kushika rangi. Isomee mtoto wa darasa la tatu na umwombe achore. Akiweza, ngao imekubali. Akikwama, punguza vitu. Kisha iandikie kaulimbiu fupi, na itafute mdomoni mwa wazee: neno ambalo babu alilisema kila jioni lina nguvu kuliko Kilatini cha kuazima.

Mwisho, usiichonge mlangoni kabla hujawaonyesha ndugu. Mmoja atasema, "Mbona shangazi hayumo?" na utagundua tawi zima ulilolisahau. Kikao hicho cha kubishana kuhusu chungu na samaki kina faida kuliko mchoro wenyewe, maana hapo ndipo majina hutajwa mbele ya watoto.

Sasa swali la mwisho. Je, wajua ni nani aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo wenu leo, na mama yake bibi huyo au babu huyo aliitwa nani? Maswali yote yaliyotangulia tumeyajibu sisi. Jibu la hili liko kwa mtu mmoja, na huenda yuko kibarazani sasa hivi.